Mali Bila Daftari: Nani Anajua Kanda Iko Wapi?

Haya ni maandishi ya mazungumzo niliyoyatoa Tanga mjini mbele ya watunza kumbukumbu, maafisa TEHAMA na wanafunzi wa vyuo.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mliolinda masijala kabla wengi wetu hatujazaliwa, shikamooni. Wenzangu wa TEHAMA na wanangu wanafunzi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kanda, zile za sumaku za kuhifadhia data za kompyuta. Nawaona vijana wanatazamana: kanda tena, wakati kila mtu anaongea habari za wingu, yaani kuweka data kwenye kompyuta za mbali kupitia intaneti? Nitawajibu. Lakini kwanza niseme lile hasa lililonileta, ili hata muda ukinibana liwe limeshafika. Ofisi ikitaka maktaba ya kanda, yaani kabati la kanda nyingi lenye roboti la kuzipachika, kitu cha kwanza kukifikiria na kukilipia ni programu ya kuisimamia: ile inayojua kanda ipi ina nini, iko kishubaka gani, na seva ipi, yaani kompyuta ipi inayohudumia ofisi, imeishika saa hii. Zipo ofisi zinazonunua chuma cha fedha nyingi, roboti linang'aa, programu ikawekwa mwisho kabisa wa bajeti. Wazee wetu walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sijaona mahali methali hii inapokuwa kweli kama ndani ya chumba cha seva.

Mkoa wetu una kumbukumbu nzito. Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka hapa Tanga mwaka 1893. Amani, kule Usambara Mashariki, taasisi ya utafiti iliasisiwa na Wajerumani mwaka 1902. Mlingano wanatafiti mkonge tangu miaka ya 1930. Weka juu yake bandari, hospitali ya Bombo, mashamba, ardhi, mahakama. Yote haya yana makaratasi, na makaratasi hayo yanahamia kwenye kompyuta, kama hayajahama yatahama. Ukurasa mmoja wa A4 ukipigwa skani ya rangi kwa nukta 300 kwa inchi, bila kubanwa, unachukua megabaiti 26 hivi. Daftari la kurasa 400 ni zaidi ya gigabaiti 10. Ndipo kanda inapoingia. Kanda moja ya LTO (ndilo jina la aina hii ya kanda za data) kizazi cha 8, kitu kinachoenea kiganjani, inabeba terabaiti 12 bila kubanwa, yaani madaftari kama hayo zaidi ya 1,100. Kizazi cha 9, kilichotoka mwaka 2021, kinabeba 18. Ukiiweka rafuni haili umeme hata chembe.

Na vijana, nawajibu sasa. Februari 2011 hitilafu ya programu iliwafutia baadhi ya watumiaji wa Gmail barua zao zote. Google walikuwa na nakala katika vituo zaidi ya kimoja, lakini hitilafu ile ilizipata nakala hizo pia. Barua zilirudishwa kutoka kwenye kanda, na Google wenyewe walieleza sababu: kanda haziko mtandaoni, kwa hiyo hitilafu haikuzifikia. Leo tuna programu hasidi zinazofunga mafaili na kudai fedha, na jambo la kwanza zinalolitafuta ni bakapu, yaani nakala ya akiba, iliyo mtandaoni. Kanda iliyotoka kwenye draivu, kile kifaa cha kuisoma na kuiandikia, na kuwekwa rafuni haifikiki kwa mtandao wowote. CERN, wale wanaopasua chembe za atomu kule Uswisi, wanaweka data za majaribio yao kwenye kanda, tena wameandika programu yao wenyewe ya kuzisimamia.

Sasa tuingie ndani ya kabati. Ukifungua mlango wa maktaba ya kanda unakuta vishubaka ukutani, draivu moja au kadhaa za kusoma na kuandika, na mkono wa roboti unaopita kwenye reli zake. Kila kanda ina lebo ya barkodi mgongoni: herufi na tarakimu 6 mnazozichagua wenyewe, kisha 2 za kutaja kizazi. TNG001L8 ni kanda yenu namba 1, LTO kizazi cha 8. Kanda za kusafishia draivu huanza na CLN. Roboti linasoma lebo hiyo, basi. Halijui kilichomo ndani. Kanda yenye mishahara ya miaka 10 na kanda tupu, kwa roboti ni mamoja. Ujuzi wote unakaa kwenye programu.

Zamani kila seva ilikuwa na draivu yake, imeunganishwa kwa waya mfupi wa SCSI, utaratibu wa amri kati ya kompyuta na vifaa vya hifadhi. Mwenye draivu mmoja, hakuna mgogoro. Kisha ikaja faiba chaneli, njia ya kasi ya kuunganisha seva na hifadhi; viwango vyake vikapitishwa Marekani mwaka 1994, na ofisi zikaanza kujenga mtandao wa hifadhi, huu tunaouita SAN: seva zote upande huu, diski na maktaba ya kanda upande ule, swichi ya kuziunganisha katikati. Faida yake ni kubwa. Seva ya mishahara, ya picha za wagonjwa na ya ardhi zote zinatumia maktaba moja, na bakapu inapita njia ya hifadhi bila kuwakwamisha watu wanaofanya kazi kwenye mtandao wa ofisi. Kwa mkoa ambao kila idara inalia kwamba haina fedha, kushirikiana maktaba moja ni jambo la akili.

Tatizo ni kwamba seva haikuzaliwa na adabu ya kushirikiana. Ikiwashwa inapiga hodi kila mlango, na kila kifaa itakachokiona inakihesabu ni chake. Naomba hapa mnivumilie, maana ndipo data inapopotea bila mtu kufanya uovu wowote.

Diski ukitaka iandike, unaipa na anwani: andika mahali fulani. Kanda haina utaratibu huo. Seva inasema andika, na draivu inaandika pale pale kichwa kilipo. Tuseme seva ya mishahara imeshaandika gigabaiti 300, imesimama kidogo ikisubiri data kutoka kwenye diski. Wakati huo huo seva ya ardhi imewashwa upya. Inakagua vifaa, inaiona draivu, inatuma amri ya kurudisha kanda mwanzo. Seva ya mishahara haina habari. Data yake ikifika inaendelea kuandika, ila sasa inaandika juu ya mwanzo wa kanda ile ile. Na kanda ina tabia moja ngumu: ukishaandika mahali, draivu inaweka alama ya mwisho hapo, na vyote vilivyokuwa mbele yake havisomeki tena kwa njia ya kawaida. Asubuhi ripoti inasema bakapu imefaulu. Hakuna taa nyekundu. Mtajua siku mtakayoihitaji.

SCSI ina kinga yake. Seva inaweza kuhodhi draivu, mwingine akija anakataliwa. Ila hodhi ya zamani ilikuwa inafutika draivu ikiwekwa upya, na kwenye SAN kuweka upya hutokea mara kwa mara. Ikaja hodhi ya kudumu, inayoshikwa kwa ufunguo wa kila seva na kubaki hata baada ya hapo. Mkinunua programu, ulizeni kama inatumia hodhi ya kudumu. Muuzaji asipoelewa swali, mwombeni awaletee fundi wake.

Kinga ya pili iko kwenye swichi, nayo ni kugawa zoni: seva ipi inaruhusiwa kuona draivu ipi. Seva isiyofanya bakapu haina sababu ya kuiona maktaba kabisa. Na tafadhali msipitishe diski na kanda kwenye kadi moja ya seva kama mna uwezo wa kuzitenganisha, kwa sababu mienendo yao haifanani. Diski inataka majibu mafupi ya haraka, kanda inataka mtiririko mrefu usiokatika.

Lakini hodhi na zoni ni kuta tu. Nani anaamua? Hapo nawageukia wazee wa masijala, maana ninyi mlilitatua jambo hili kabla ya kompyuta. Masijala iliyo sawa haimruhusu kila afisa aingie rafuni ajichukulie jalada. Afisa anaomba. Karani analitoa, anaandika kwenye daftari la mienendo ya majalada limekwenda kwa nani na lini, na likirudi anaandika tena. Programu ya kusimamia maktaba ya kanda kwenye SAN inafanya kazi ya karani huyo. Seva moja tu ndiyo inayoliamuru roboti. Nyingine zote ni waombaji. Seva ya ardhi ikitaka kuandika inamwambia msimamizi. Msimamizi anachagua kanda, anaamuru mkono uipachike kwenye draivu iliyo wazi, anajibu: nenda draivu ya 2, kanda ni TNG014L8. Seva inaandika yenyewe moja kwa moja kupitia SAN, ikimaliza inaachia, msimamizi anaondoa kanda na kuandika kwamba kanda hii sasa ni mali ya ardhi. Data haipiti kwa msimamizi. Kwake yanapita maombi na ruhusa.

Kwa hiyo ikiwa idara mbili zina programu mbili tofauti za bakapu na zote zinaliamuru roboti moja, hapo hakuna masijala. Ama mkubaliane programu moja, ama mtumie uwezo ambao maktaba nyingi zinao wa kujigawa vipande, kila kipande na vishubaka vyake na draivu zake, kila programu ikaona chake peke yake. Nawasihi msiliache hili kwa maelewano ya mdomo.

Kuna jambo dogo linalowasumbua mafundi kuliko haya makubwa. Roboti lina namba zake za draivu, na seva ina zake. Roboti linasema draivu ya 1, seva inasema nst0, jina la draivu kwenye mfumo wa Linux, na mmedhani ni kitu kimoja. Seva ikiwashwa upya, Linux inaweza kuzitaja kwa mpangilio mwingine. Sasa roboti linapachika kanda kwenye draivu ya 1, seva inasubiri kwenye nyingine, dakika zinapita, programu inakata tamaa na kutangaza draivu mbovu. Fundi anaitwa kutoka Dar es Salaam kubadilisha draivu isiyo na ubaya wowote. Dawa ni kuitambua kila draivu kwa namba yake ya kiwandani. Maktaba yenyewe inaweza kuulizwa namba za draivu zake, na Linux inaweka majina yasiyobadilika chini ya /dev/tape/by-id. Programu nzuri inalinganisha pande hizo mbili yenyewe. Ikiwa yenu haifanyi hivyo, chukueni karatasi mlinganishe kwa mkono, mbandike ndani ya mlango wa kabati.

Sasa katalogi, yaani daftari lenyewe. Katalogi ni kanzidata inayosema faili fulani, la tarehe fulani, liko kanda fulani, sehemu fulani. Mkiipoteza, kanda bado zina data, lakini itabidi kuzisoma moja moja tangu mwanzo hadi mwisho ili kuijenga upya. Hesabu ni rahisi. Draivu ya LTO-8 inasoma megabaiti 360 kwa sekunde ikienda kasi yake kamili. Terabaiti 12 zinachukua zaidi ya saa 9. Mkiwa na kanda 40 zilizojaa na draivu moja, ni siku 15 mchana na usiku, na hapo sijahesabu muda wa kupachika na kutoa. Hospitali inaweza kukaa siku 15 bila picha za wagonjwa?

Kwa sababu hiyo katalogi inatakiwa itoke nje ya seva ya msimamizi kila siku, baada ya bakapu kwisha. Nakala moja iende kwenye kanda ambayo lebo yake imeandikwa mahali panapojulikana, nyingine kwenye jengo lingine. Na zile funguo za kusimba data. LTO tangu kizazi cha 4, mwaka 2007, inaweza kusimba data, yaani kuifanya isisomeke bila ufunguo, ndani ya draivu kwa njia iitwayo AES ya biti 256. Kwa taarifa za wagonjwa na wananchi ni vizuri kuitumia, hasa sasa tunapokuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini kanda iliyosimbwa na ufunguo wake umepotea haisomeki na mtu yeyote duniani, pamoja na ninyi wenyewe. Ufunguo uhifadhiwe kwa uangalifu ule ule wa katalogi, na usisafiri kwenye gari moja na kanda.

Katalogi ndiyo pia inayoamua kanda ipi imekwisha muda na inaweza kuandikwa upya. Watu hulichukulia hili kama jambo la kubana matumizi. Mnaikumbuka safari ya kwanza ya binadamu mwezini, Julai 1969. Mawimbi ya picha kutoka kwenye chombo yalirekodiwa kwenye kanda za kumbukumbu katika vituo vya ardhini, kwa ubora mkubwa kuliko uliorushwa kwenye televisheni. Miaka mingi baadaye wastaafu na wahandisi wa NASA walizitafuta. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba, kwa ushahidi uliopo, kanda zile zilifutwa na kutumika tena pamoja na nyingine nyingi, enzi ambazo kanda zilikuwa haba. Hakuna aliyekusudia kuufuta mwezi. Zilikuwa kwenye rundo la kanda zinazohesabiwa kuwa huru. Ikiwa liliwapata NASA, basi orodha yenu ya muda wa kutunza isiachwe kwa fundi wa kompyuta peke yake. Mtunza kumbukumbu akae naye, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 iwe mezani, kila kundi la mafaili lipewe muda wake kabla ya bakapu ya kwanza.

Kasi nitaigusa kwa ufupi. Draivu ya kanda inataka kulishwa mfululizo. Data ikichelewa, inapunguza mwendo, na ikichelewa zaidi inasimama, inarudi nyuma, inaanza tena, na kwenda mbele na nyuma huko kunaichosha kanda na draivu. Mtandao wa ofisi wa gigabiti 1 hauwezi kupitisha zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, kwa hiyo hauilishi draivu ya LTO-8 hata nusu. Andikeni kwanza kwenye diski, kisha diski iimwage kwenye kanda kwa mkupuo. Na mkipata draivu za LTO-9 mkumbuke kwamba kanda mpya ikipachikwa mara ya kwanza inapimwa na kusawazishwa na draivu, kazi inayoweza kufika saa 2. Programu isiyolijua hilo itadhani kanda imekufa.

Halafu hewa yetu. Wanaotengeneza kanda wanapendekeza zitunzwe mahali penye nyuzijoto 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Sisi tunaishi ufukweni. Upepo wa bahari unaingia na chumvi yake, na unyevu wa Tanga hauhitaji kipimo, tazameni mabati. Chumba cha kanda kinahitaji kiyoyozi kinachoondoa unyevu, kifanye kazi hata usiku ofisi ikiwa imefungwa, na kipimo cha unyevu kiwe ukutani kikisomwa na kuandikwa. Kanda ikitoka chumba cha baridi kwenda kwenye joto, au kinyume chake, iachwe siku nzima izoee kabla ya kuingia kwenye draivu.

Nakala ya pili itoke nje ya jengo, na ikiwezekana nje ya mji. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na nchi nzima mliona intaneti ilivyokuwa. Hata intaneti ikiwa nzima, kuirudisha terabaiti 12 kwa laini ya megabiti 100 kwa sekunde ni siku 11. Kanda hiyo hiyo ikiwa Korogwe, inafika Tanga mchana ule ule kwa gari. Sisemi tuache wingu. Nakala ya tatu ikikaa huko ni heri. Programu tu ndiyo inayotakiwa ijue kwamba TNG014L8 imetoka kwenye maktaba, iko Korogwe, na inarudi lini.

Wanafunzi, mmevumilia, na hili ni lenu. Hamhitaji roboti ili kujifunza. Kuna programu huria iitwayo mhvtl, inaigiza maktaba nzima ya kanda ndani ya kompyuta ya kawaida ya Linux: vishubaka, draivu, mkono na barkodi. Kwa amri ya mtx unahamisha kanda, kwa mt unairudisha mwanzo. Juu yake wekeni programu ya bakapu: Bacula, iliyoanza kuandikwa mwaka 2000, au Bareos iliyotokana nayo, au Amanda iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Maryland. Zote ni huria, na zote zinatumika na ofisi za kweli. Kisha fanyeni makusudi yale niliyoyasema: seva mbili, draivu moja, mmoja airudishe kanda mwanzo mwenzake akiandika. Mkiona kwa macho yenu kinachotokea, hamtakubali tena kufunga maktaba isiyo na msimamizi.

Na ninyi mnaorudi maofisini leo mchana, nina ombi moja. Msiulize kama bakapu inafanya kazi, maana jibu mnalijua. Chagueni faili moja la miaka 3 iliyopita, ambalo hakuna aliyeambiwa kabla. Mwombeni fundi alirudishe kutoka kwenye kanda, kwenye seva tofauti na ile lilikotoka, na awe mtu ambaye si yule anayefanya bakapu kila siku. Andikeni saa mliyoomba na saa faili lilipofunguka. Andikeni ni kanda ipi, ilikuwa wapi, na nani alijua iko wapi: programu, au mzee mmoja aliyebakiza miezi kadhaa kustaafu. Fanyeni hivyo kila robo mwaka, na karatasi ile ipelekwe kwa mkuu wa taasisi pamoja na ripoti ya fedha.

Ahsanteni sana. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.